Nazi, Kompyuta Mpya na Ile Nailoni

Wasee, leo karibu nifutwe kazi juu ya nazi.

Mnajua ile kompyuta ya kuandika na kalamu kwa kioo, ile nimewasumbua nayo mwezi mzima? Leo ndio tulikuwa tunaizindua hapa dukani. Watu walijaa mpaka nje. Mzee mmoja mkulima alitoka Mau Narok alfajiri aje kuiona tu!

Asubuhi boss akaniambia, "Toa hiyo nailoni kwa kioo. Na kompyuta ikipata hata mkwaruzo, utafute kazi kwingine."

Nikaitoa, nikaiacha kwa kaunta.

Sasa, mama yake boss, tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, hakubali kitu kipya kianze kazi kabla apasue nazi ya baraka. Boss akamwomba apasulie mlangoni. Ba akakataa. Alitaka hapo hapo, kando ya kompyuta.

Paa!

Maji yote juu ya kioo.

Boss akaniangalia mimi. Mimi! Kwani nazi ilikuwa yangu?

Ba hata hakushtuka. Akashika kona ya kioo, akavuta polepole... nailoni ikatoka na maji yake.

Kumbe aliirudisha nikienda chai! Kwake hata rimoti ya TV iko na nailoni tangu inunuliwe.

Boss akawasha. Ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Ba akapanguza ile nailoni na sari yake, akairudisha kwa kioo, akaniambia, "Huyu akikwambia utoe tena, uniite."

Sasa niambieni, boss wangu ni nani?