Talaka Iliyovuka Mpaka

Namshukuru Mungu aliyenipa miaka ya kutosha niseme jambo hili bila chuki. Ukali umebaki kidogo, na sidhani kama Yeye anaukataa.

Ilikuwa wakati Katanga imejitangaza nchi, na mji wetu ukiitwa bado Elisabethville. Bwana wangu, fundi wa reli, alikuwa amevuka mpaka kufanya kazi Ndola, upande wa Rodezia ya Waingereza. Aliniahidi kwamba mambo yakitulia ataniita. Hakuniita. Siku moja, nimetoka misa ya asubuhi, kaka yake mkubwa akaingia nyumbani kwetu Katuba, akasimama sebuleni na kofia kichwani, akanisomea karatasi. Mahakama ya Ndola imevunja ndoa yangu. Bwana ameoa mwingine kule. Nyumba, kwa kuwa iliandikwa kwa jina lake, ataichukua yeye kaka. Mimi nirudi kwetu kaskazini, ambako vita vilikuwa vinawaka.

"Shemeji, funga bintu byako polepole," akasema. "Sitake kelele."

"Kelele utaisikia, shemeji, hata kama hauitake."

Sikufunga hata sufuria. Basi akanipeleka mbele ya mahakama ya mila ya komini, yaani serikali ya mtaa wetu.

Zuzi, ndivyo tulivyomwita hakimu, alikuwa mzee wa haki, lakini nchi mpya ilikuwa imempanda kichwani. Aliishika karatasi ya Ndola kwa heshima ambayo mimi ninaiwekea altare.

"Mama," akaniambia, "sisi tunaomba inchi zingine zitutambue. Tukikatala karatasi ya jirani, yeye atatambua yetu?"

"Baba zuzi, hao Bazungu ba Ndola banaitambua Katanga?"

Mabenchi yakacheka. Zuzi akapiga meza.

"Bado," akakubali.

"Basi na mimi bado."

Walipotulia nikamweleza bila mzaha. Mungu alijua kila kitu alichofanya Adamu, hata hivyo kabla ya kumtoa bustanini alimwita, akamuuliza, akamwacha ajibu. Mimi sikuitwa Ndola. Hakuna aliyeniuliza neno. Je, mahakama ile ina haki kuliko ya Mungu?

Zuzi akaiweka karatasi mezani. Kisha mtu wa mila aliyekuwa ndani yake akaamka. Akamgeukia kaka.

"Na jembe?"

Kwetu, posa inapokubaliwa, mshenga hupeleka jembe kwa baba wa msichana. Ndoa ikivunjika, mshenga yuleyule hulirudisha, na mtu wa nyumba ya mwanamke akilipokea kwa mkono, basi imekwisha. Mali nyingine watu wanaweza kusameheana. Jembe, hapana.

Kaka alikuwa amejiandaa. Akatoa jembe kutoka ndani ya gunia, jipya kabisa, mafuta ya dukani yakimetameta kwenye chuma.

"Eh, hii imezaliwa leo!" mama mmoja akapiga kelele nyuma.

"Ile ya kwanza iliisha mu shamba," kaka akajitetea.

"Na mushenga iko wapi?" zuzi akauliza.

"Iko hapa mu mji, Makomeno. Nilienda kwake. Alinifukuza."

"Alisema nini?"

Kaka akatazama chini. "Alisema ndugu yangu ndiye alimutuma kuoa. Akuye mwenyewe amutume kuacha."

Zuzi alitaka kumaliza. Akaamua kwamba, kwa kuwa baba yangu yuko mbali na njia ni mbaya, mimi mwenyewe nikipokea jembe kwa hiari, karatasi ya Ndola itasimama na nyumba itakuwa ya kaka. Nisipopokea, itabaki karatasi tu.

Kaka akanijia, amenyoosha jembe. Sauti yake ilikuwa imelainika.

"Shika, shemeji. Uko ungali kijana, utaolewa. Shika, tuende kula."

Sitasema haikunigusa. Nilikuwa nimechoka, na ujane wa mtu ambaye hajafa ni mzigo mbaya. Nikakunja mikono kifuani kama mtu anayekwenda kupokea komunyo. Watu wote walikuwa wanaitazama mikono hiyo. Yeye akangoja, mimi nikangoja, na kungoja ni kipaji alichonipa Mungu. Mwishowe mkono wake ukachoka, akaliweka jembe sakafuni, na hakuna wa nyumba ya baba yangu aliyeinama.

Zuzi akamsukumia karatasi yake.

"Hii itembee kule kwabo," akasema. "Huku huyu mama iko muke ya ndugu yako, na nyumba ni yake ya kulala."

Nililala humo. Wako waliosema nilishinda bure, nimebaki mke wa kiti kitupu. Wana haki ya kusema. Lakini sikukataa kwamba mwanamume anaweza kwenda. Alikuwa amekwenda kitambo. Nilikataa kuondolewa na watu ambao hawajaniona, kwa neno la mtu ambaye hakuthubutu kuja. Angekuja na mshenga wake, akanitazama usoni, mbele ya Mungu ningebaki mke wake, lakini mbele ya watu ningenyoosha mkono.

Hakuja.