Ndoo ya Kuoshea Trekta

Bushiri, fundi wa Mugumu, alikuwa mzito wa maneno. Mwaka 1976 aliitwa kijijini Nyambureti, kwa kuwa trekta la kijiji hicho cha ujamaa lilikuwa limegoma kuingia gia. Hata ukikanyaga klachi mpaka chini, gia zinasaga tu. Alikagua pedali na fimbo inayoiunganisha na klachi, akakuta ni nzima. Akachungulia ndani, akaona pleti ya klachi imegandishwa na kutu, haiachii.

“Lililima lini mara ya mwisho?”

“Tangu mwaka jana halijalima,” alijibu mwenyekiti Nashoni. “Lakini kila Jumamosi tunalimwagia maji kwa ndoo ile na kuliosha, ili wageni wa wilaya wakija walikute linang'aa.”

Bushiri akafunga pedali chini kwa kamba, akaingiza gia injini ikiwa imezimwa, akaliwasha, likaruka mbele, akakanyaga breki kwa nguvu. Klachi ikaachia. Kisha akaifunga ile ndoo yao ya kuoshea kwenye baiskeli yake, akaondoka nayo.