Kosa la Jumanne na Wanafunzi wa Mama Vitambaa

Saa mbili na robo asubuhi. Shuka jeupe limetandazwa juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Mwalimu wa stadi za kazi anarudi nyuma hatua moja, mikono kaifunga mgongoni isije ikamponyoka ikasaidia. Msichana wa miaka kumi na tisa anashika pembe mbili, anazikutanisha, anaulaza mkunjo kwa kiganja. Ghafla anasimama. Ameona alama ya kahawia isiyozidi punje ya mtama.

"Hili halijatakata," anasema, na kulitupa kwenye beseni.

Wenzake wanamwita Hakimu, kwa kuwa hakuna shuka linalopita mbele yake bila kuhukumiwa. Herufi zinampa taabu mpaka leo, na hesabu ikizidi ishirini anaomba aachwe. Lakini mpe lundo la mashuka, utamheshimu.

Leo ni Jumatano. Kwa miezi minane, siku kama ya leo Hakimu na wenzake watano walikuwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, mtaa wa pili kutoka shuleni. Sasa wako darasani wanakunja mashuka ya kuazima. Wamefukuzwa, na jinsi walivyofukuzwa haisimuliki bila hasira.

"Wangenifukuza mimi ningemeza," anasema mwalimu. "Hawa watoto wameangushiwa jumba bovu, tena mchana kweupe."

Mwalimu ni mama wa miaka hamsini na moja. Wafuaji wa hospitali wamembatiza Mama Vitambaa, na jina hilo amelitolea jasho. Wanafunzi wake wa sekondari wana ulemavu wa akili na wengi hawajui kusoma, ilhali rafu za hospitali zilikuwa na maandishi matupu. Akachana magauni yake makuukuu. Kitambaa chekundu akakifunga kwenye rafu ya chumba cha upasuaji, cha kijani kwenye rafu ya wodi ya watoto, cha njano kwenye rafu ya wodi ya wazazi. Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyekosea rafu.

Wala si wanafunzi tu. Wafuaji wenyewe, watu na vyeti vyao, wakaacha kusoma maandishi.

"Nani ana muda wa kusoma?" anasema msimamizi wa chumba cha kufulia, huku akicheka. "Unaona chekundu, unaweka, unaondoka. Mama Vitambaa alitudekeza."

Jumatatu ya wiki iliyopita, jioni, wanafunzi walipokwisha kurudi makwao, ofisi ya utawala iliagiza vitambaa vyote vikatwe. Wageni walikuwa njiani, na eti vitambaa vinaharibu sura ya hospitali. Vikakatwa. Kesho yake, Jumanne, chumba cha upasuaji kikapelekewa mashuka ya watoto yenye picha za bata. Daktari akawaka moto, na mgonjwa mmoja akasubiri upasuaji kwa saa mbili, kitandani na njaa yake.

Alhamisi barua ikatua shuleni. Mchanganyiko huo, ilisema, "umesababishwa na wanafunzi wenye mahitaji maalumu". Mafunzo yamesitishwa hadi shule iombe radhi kwa maandishi. Na ile nafasi ya kudumu ya mkunja mashuka, ambayo msimamizi alimpendekeza Hakimu, itatafutiwa mtu mwingine.

Mwalimu anafungua daftari la mahudhurio na kuligonga kwa kidole. Wanafunzi wake huenda hospitali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hawajawahi kwenda Jumanne hata moja.

"Hawakuwepo!" anasema. "Walikuwa hapa, wananyoosha mashati kwa pasi moja, maana hizo nyingine mbili ni mbovu. Mtu aliyeko darasani anavurugaje rafu za hospitali? Nimepiga simu, naambiwa ofisa wa utawala yuko kikaoni. Nimekwenda mwenyewe, naambiwa barua ikitoka imetoka."

Msimamizi haukani ukweli, ila anashusha sauti. "Walikata wao, tukachanganya sisi," anasema. "Nimebakiza miaka mitatu nistaafu, ndugu yangu. Nikiitwa nitasema. Kujipeleka siwezi."

Kwa hiyo wakubwa wamenyamaza, na lawama imetua kwa wasioweza kuandika barua ya kujitetea.

Katika miaka tisa, wanafunzi arobaini na watatu wamemaliza darasa la mwalimu huyu. Wenye kazi ni wanne. Waliobaki wako majumbani, wanafagia nyua zilizokwisha kufagiwa.

Mama yake Hakimu, fundi cherehani, alidhani binti yake atakuwa wa tano. "Nilimshonea magauni mawili ya kazini," anasema. "Yametundikwa ukutani. Kila asubuhi ananiuliza, 'Mama, ni leo?' Nami namwambia bado. Nimechoka kumwambia bado."

Mkuu wa shule, mtu mwema tu aliyechoka, ameshaandika barua ya kuomba radhi. Inasubiri sahihi ya mwalimu. "Dada, tia sahihi tu watoto warudi," alimsihi. "Mnyonge hana haki."

"Nikitia sahihi, nimekiri kwa niaba yao kosa wasilolifanya," anajibu mwalimu. "Kesho kikipotea kijiko, ni wao. Keshokutwa bomba likipasuka, ni wao. Sitii."

Keshokutwa, Ijumaa, atakwenda hospitali na daftari lake. Ataomba Hakimu apewe lundo la mashuka na apimwe kwa mikono yake, kama anavyopimwa mkunja mashuka yeyote.

"Miaka yote naingia ofisini peke yangu, mwanafunzi ananisubiri kwenye benchi la nje kama mzigo," anasema. "Safari hii tunaingia wote wawili. Kama wanamnyima kazi, wamnyime wakimtazama usoni."

Na yeye Hakimu, akifika mbele ya ofisa, atasema nini?

Msichana anaweka shuka mezani, anajifuta mikono, anasimama wima.

"Shikamoo," anasema. "Jumanne nilikuwa shule. Nimekuja kazini."