Mamangu alidhani rangi ya kupimia jicho ndiyo dawa

Wakuu, hamjambo. Haya sitayatia chumvi, ingawa mashamba ya chumvi ya Gongoni ni jirani zetu.

Ni miaka ya themanini, Malindi. Mamangu akishona kofia za viua, zile za vijitundu vinavyodariziwa kwa sindano, mimi nikiziuza. Kupatana bei alinifunza yeye: "Mwenye duka akikuita urudi, usigeuke. Ana lake."

Asubuhi moja akifunga ufagio wa chelewa, ujiti ukaruka ukamchoma jicho la kulia. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho tangu zamani. Kwa hivyo lile la kulia ndilo lililokuwa duka letu.

Akaliosha kwa maji ya marashi. Halikusikia.

Nikampeleka hospitali. Daktari akamtia tone la ganzi, kisha akamgusisha kikaratasi cha rangi ya machungwa ndani ya kope. Akazima taa, akawasha ya buluu, akaniita nitazame.

Palipokwaruzwa paling'aa kijani, mstari mwembamba kama uzi.

"Mama, rangi hii yaonyesha kidonda tu, haitibu. Ngoja upewe dawa, na kesho urudi nikutazame."

Tulipotoka nje, mamangu akapangusa machozi ya manjano kwa ncha ya leso. Akacheka.

"Maumivu yamekwisha! Twende zetu."

"Mama, dawa bado."

"Na hii niliyotiwa ni nini, shira? Huyo ataka turudi-rudi tu. Nimekufunza nini mimi?"

Akashika njia. Wateja wote wa Malindi nilipatana nao, yeye sikumuweza.

Nikarudi kuchukua dawa, nikamkabidhi. Kesho yake kurudi kwa daktari akakataa. Kila nikimuuliza, "Nishatia, mwanangu."

Na kweli alikuwa akitia, ila si ile. Dawa ya chupa ilikuwa nyeupe kama maji, akaona tumepunjwa. Ganzi ilipomtoka, akawa akiilowesha ile ncha ya leso yenye manjano, akijikanda nayo jicho.

Baada ya siku kadhaa chupa niliikuta chini ya mto, haijafunguliwa. Jicho lishaingia weupe.

Tukarudi kwa daktari. Rangi ile ile, taa ile ile. Safari hii hakuniita. Nikachungulia mwenyewe: si uzi tena, ni kiraka.

"Daktari," mamangu akauliza, "tundu la sindano nitaliona?"

Daktari akawasha taa ya kawaida, akamshika bega.

Kidonda kilifunga, weupe ukabaki. Kofia aliyoiacha katikati hakuimaliza. Miaka yote iliyobaki alinijua kwa sauti.

Funzo, wakuu: maumivu kutulia si kupona. Mzazi akitoka kwa daktari, mwulizeni ametiwa nini na cha nini. Kisha mtieni dawa kwa mkono wenu.

Ile leso niliifua mwenyewe. Doa lilitoka kwa maji matupu. Hata sabuni halikudai.

Aliyepitia kama haya na mzazi wake, karibu hapa chini. Nitasoma zote, mara mbili.