Kikomo cha Mita na Kifua cha Wifi

Kiwandani walimwita Mama Mita, na aliitika. Kazi ya fundi umeme wa kiwanda cha nguo haina shukrani: taa zikiwaka hakuna anayekujua, zikizimika hata mfagiaji anakuuliza ulikuwa umelala wapi.

Siku mita mpya ilipofungwa, Mama Mita alibonyeza vitufe, meneja amemsimamia mgongoni. Mita ilitaka vikomo viwili. Umeme ukifika ampea mia na themanini, ipige king'ora. Ukifika mia mbili, isimngoje mtu, ikate laini moja yenyewe ili waya mkubwa usiungue.

"Ikate ipi?" aliuliza Mama Mita.

"Feni za chumba cha pasi."

"Bosi, mle watu wanachemka. Si tukate kiyoyozi chako?"

"Kachekeshe wenzako. Weka feni."

Akaweka feni. Sasa, chumba cha pasi ndiko alikofanya kazi wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, mwenye pumu. Wiki hiyo hiyo feni zilikatika, wifi akatolewa amebebwa, midomo imebadilika rangi.

"Wifi, umenichoka?" alisema alipopata sauti. "Kama unakitaka kitanda changu, si useme tu."

Mama Mita alicheka, kisha akajifungia chooni akalia. Kesho yake, meneja akiwa kwenye chai, alirudi kwenye mita akapandisha kikomo cha kukata hadi mia tatu. Hapo isingekata kamwe. Cha king'ora hakukigusa. Alijiambia: kikilia, nitakimbia nizime mashine mbili tatu kwa mkono.

Na kweli alikimbia. Ila king'ora kinacholia kila mchana watu hukizoea kama kikohozi cha jirani.

"Mtoto wako analia, kamnyonyeshe!" washonaji walimzomea.

Mmoja wao, masikio yamechoka, alikisokomezea vipande vya kitambaa vya kutupwa. Hakumwambia mtu.

Siku yenyewe Mama Mita alikuwa juu ya ngazi, anabadilisha taa ya stoo. Hakusikia chochote. Waya mkubwa ulipita ndani ya ukuta wa chumba cha pasi. Ganda lake likayeyuka, moshi mweusi ukamwagika chumbani, na zile feni, zinazunguka vizuri kabisa, zikausambaza kila kona.

Wapiga pasi wengine walitoka wanakohoa. Wifi alitoka amebebwa, tena. Safari hii hakutania.

Baada ya mazishi, mume alikaa kitandani anatazama sakafu. "Meneja anasema mita ilikuwa mbovu."

Mama Mita angeweza kunyamaza. Meneja mwenyewe alishampa mlango wa kutokea.

"Haikuwa mbovu," alisema Mama Mita. "Mimi ndiye niliyeizuia isikate. Nilitaka feni zisizimike."

Mume aliinuka. Aliviokota viatu vya dada yake pale mlangoni, akavibana kwapani, akatoka peku.