Nilitembea Bendera Ikishuka

Kosa ni langu peke yangu. Nimeligeuza kila upande nikitafuta wa kugawana naye, sijampata. Ngoja nikwambie wewe, kwa kuwa hunijui.

Ilikuwa miaka ya tisini, nauza mitumba Mwanza mjini. Soko huria lilikuwa limeingia, nikadhani na adabu nayo imeachiwa huru. Siku moja nikavuka ziwa kwa meli kwenda Nansio kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu ambaye sikuwahi kumwona. Akinikubali, wazee wangu wangefuata.

Ukweni huendi mikono mitupu. Jioni nikapitia sokoni kununua samaki. Mezani walibaki sato wawili: mmoja mkubwa, mwingine wa kuombea radhi. Mbele yangu foleni.

Mara filimbi ikalia ofisi ya serikali, ng'ambo ya barabara. Saa kumi na mbili, bendera inashushwa. Unajua mwenyewe: kila mtu husimama alipo, kimya, mpaka ikunjwe. Muuza samaki akabaki na kisu hewani. Soko zima likawa kama picha ya studio.

Mimi nikaona nafasi! Nikawaza, hawa sasa hawawezi kubishana. Nikawapita mmoja mmoja, nikaweka pesa mezani, nikachukua sato mkubwa, nikaondoka zangu. Hakuna aliyetikisika. Mzee mmoja tu, kofia kifuani, alinisindikiza kwa macho. Njiani nikajipongeza. Bwege mimi!

Ukweni nikapokewa vizuri, nikakalishwa. Baadaye mwenye nyumba akaingia, kofia mkononi. Jamani, ni yule yule!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijani kwenye bendera ni nini, kijana?"

"Ardhi na mimea, mzee."

"Njano?"

"Madini."

"Bluu?"

"Maji. Na ziwa letu hili limo."

"Nyeusi je?"

"Ni sisi, mzee. Wananchi."

"Jioni hii umewapita wananchi wangapi?"

Mimi, ambaye hata vifungo vya shati nahesabu mara mbili, nikasema wanne.

"Watano," akasema. "Umenisahau mimi. Nilikuwa namnunulia mgeni wangu samaki."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Akaagiza sato arudishwe sokoni, apewe aliyekuwa wa kwanza. Tukala ugali kwa mlenda, nami nikausifu mlenda ule kama niliyelipwa. Tulipokwisha kunawa akaniambia binti yake hampi mtu anayengoja wenzake wasimame ndipo apite. Nikajaribu kupatana, nikaomba adhabu nyingine yoyote. Akasema hilo nalo ndilo tatizo langu, naona kila kitu kina bei ya pili.

Asubuhi mchumba wangu, aliyekuwa likizo kwao, alinisindikiza gatini. Nilitegemea atanitetea.

"Baba naweza kumbembeleza," akasema. "Ila nimejiuliza usiku kucha: siku nikiwa sina namna ya kukujibu, utanifanyaje?"

Nikafungua mdomo. Maneno ya kuuza suruali yalikuwepo yote. Nikayameza. Nikapanda meli.

Ameolewa huku huku Mwanza, mtaa wa Pasiansi, na mtu mpole. Nimewahi kuwaona kanisani, nikajificha nyuma ya nguzo kama mwizi wa sadaka.

Wewe unayesoma, filimbi ikilia simama. Polisi wanaokamata wasiosimama usiwaogope sana. Wao wangenichapa nikapona. Simama kwa sababu hao waliosimama mbele yako wamekuamini kiasi cha kukupa mgongo.