Nyota Iliyomjua Nunow

Anab alikuwa karani wa mradi wa visima hapa Garissa, na kompyuta ya ofisi ilimtii kuliko ilivyomtii bosi wake. Haikuwa na picha wala madoido: kioo cheusi, herufi za kijani. Unaandika amri, unabonyeza, inakujibu. Mhandisi mmoja mpenda nyota alipohamishwa alimwachia disketi. Ukiitajia mwaka, inakuorodheshea nyota zenye mkia zilizopita karibu na dunia, tarehe na umbali.

Mwaka 1997 disketi hiyo ilipata kazi. Kila baada ya magharibi nyota yenye mkia ilionekana juu ya mtaa wetu wa Waberi, na mzee Nunow, baba yake Anab, akasusa chakula.

"Nilizaliwa mwaka wa nyota yenye mkia," alisema. "Mama aliniambia itarudi kuniita kwa jina langu. Ndiyo hii, aabo."

Neno hilo ni "baba", na kwetu baba na mwana huitana hivyo hivyo, aabo kwa aabo. Siku ya tano mzee alikuwa anakunywa maji tu, na majirani wote amekwisha kuwaomba radhi. Anab aliogopa sana. Mtu akishaamua kufa, daktari atamfanya nini?

Adhuhuri, ofisi ilipotulia, akaandika 1920, mwaka wa kitambulisho cha mzee. Hakuna nyota ya maana. Akajicheka: mwaka ule afisa aliukisia tu, pamoja na Januari mosi yake. Akahesabu kwa njia ya wazee, ambao kila mwaka wameupa jina, mwaka wa ndui, mwaka wa ng'ombe kuisha, akarudi nyuma hadi mwaka wa nyota yenye mkia: 1910. Hapo ikatokea moja kubwa, ya kurudi kila baada ya miaka sabini na sita. Akaiuliza kompyuta nyota hiyo ilirudi lini.

11 Aprili 1986.

Kumbe ilishapita! Moyo ukamtua, akainuka avae mtandio wake aende nyumbani. Kisha akaketi tena, akaisoma tarehe upya. Ijumaa ile mwanawe wa miaka tisa aliteremka hadi mto Tana kuteka maji, asirudi. Hata kiatu hakikuonekana. Wanawake waliokuwa ukingoni walisema walimsikia akiitikia, "Naam," ila aliyemwita hawakumsikia.

Nyumbani alisema, "Aabo, siyo hii. Yako ilipita zamani."

Mzee akaomba maziwa. Akanywa bakuli zima, na Anab akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Ilipita bila kuniita?" mzee akauliza, akifuta midomo.

"Ilipita tu, aabo."

"Haiwezekani. Ilikuja kumchukua Nunow."

 Anab alichukua bakuli akaenda kuliosha, akaliosha tena. Mwanawe walikuwa wamempa jina la babu yake.